Jumamosi nikae kwenye kinanda au kwenye pikapu ya baba?

Mpendwa Bi Muriel,

Naomba msaada wako, na naomba haraka, kwa sababu leo ni Jumanne na jambo lenyewe ni la Jumamosi. Nilitaka kuficha jina kama wanavyofanya wengine wanaokuandikia gazetini, lakini Port Hollis ina uwanja mmoja wa hoki ya barafuni, na uwanja una kinanda kimoja, na anayekipiga ni mimi, kwa hiyo kuficha jina kungekuwa sawa na kujificha nyuma ya ufagio.

Kwamba timu yetu ya Wakata Magogo inahama, hilo halihitaji kusimuliwa. Oktoba, msimu ukiwa ndiyo kwanza unaanza, mwenye timu alitangaza kuwa huu ni wa mwisho hapa na kwamba mwakani watacheza Arizona, jangwani, ambako barafu inajulikana kwa kuwekwa kwenye glasi. Siku ile ile baba yangu, Toivo Rautio, ambaye amefanya kazi kiwanda cha karatasi tangu ujana wake na amekalia kiti kimoja uwanjani tangu uwanja ulipofunguliwa, alipanda ngazi za mlango mkubwa mbele ya umati na mbele ya kipaza sauti cha redio, akavua kofia, akaapa. “Mguu wangu hautakanyaga humu ndani tena,” alisema, “na sitasema neno na yeyote anayekula mkate wa mtu yule.” Watu walipiga makofi na mimi nilipiga nao, Bi Muriel, nilipiga kwa nguvu, mpaka baba alipogeuka akaniona na sote wawili tukakumbuka kwa wakati mmoja kwamba nilikuwa nimeshatia saini mkataba wa kupiga kinanda msimu mzima.

Angeweza kucheka na mimi ningeweza kujiuzulu pale pale, lakini yeye ni Rautio na mimi ni Rautio. Tangu siku ile hajasema nami. Tunaishi nyumba moja, tunakula meza moja, Jumamosi mchana tunapokezana chumba cha mvuke kama familia yoyote ya Kifini, yaani yenye asili ya Finland, na hajasema nami. Akitaka chumvi humwambia mama yangu, “Lempi, mwambie mpiga kinanda anisogezee chumvi,” na mama humjibu kwamba mpiga kinanda yuko karibu naye kuliko yeye Lempi, na baba husema basi viazi havina ubaya hata bila chumvi, akavila vilevile, akitazama dirishani.

Utaniuliza kwa nini sikuacha kazi. Nimejiuliza hilo kila siku, na majibu yangu hubadilika kulingana na hali ya hewa. Nilisomea kinanda cha kanisa Montreal, na walimu wangu waliposikia kwamba nimerudi nyumbani kupigia watu wanaosukumana kwa magongo walisikitika kama vile nimeugua. Lakini mimi nilijifunza muziki kwa baba, kwenye kinanda chake cha mkono, kile cha kuvuta na kukunja kifuani, katika ukumbi wa Wafini, na ninaamini, ingawa sijui kama imani hii ni uaminifu au ni kiburi kilichovaa nguo za uaminifu, kwamba mgonjwa haachwi peke yake kwa sababu tu madaktari wamesema atakufa. Oktoba ile uwanja ulikuwa mtupu kiasi kwamba nilisikia wachezaji wakitukanana. Nilipigia viti, nikapigia mama, ambaye hakuapa chochote na ambaye huweka mkoba wake juu ya kiti cha baba na kumtazama kwa jicho baya yeyote anayetaka kukikalia.

Kisha likatokea lile ambalo hakuna aliyeliagiza. Wakaanza kushinda. Wachezaji ambao kila mtu alijua ni wa mkiani, walioachwa hapa kwa sababu Arizona ingenunua wengine wazuri zaidi, walianza kushinda kama watu wasio na cha kupoteza, na mji uliokuwa umeapa kutokwenda ukaanza kurudi, mmoja mmoja, kola zimeinuliwa, kila mtu akidai amekuja kumtafuta shemeji yake. Malori ya kuhamisha vifaa yaliagizwa mwisho wa Machi. Yakaja, yakakuta tumeingia hatua ya mtoano, yakarudi matupu. Yakaja tena Aprili, tukawa tumewatoa wale waliokuwa na pointi nyingi kuliko wote, yakarudi matupu, na safari hiyo watu walijipanga barabarani kuwapungia madereva mkono. Sasa ni Mei. Kila ushindi umekuwa juma moja zaidi la kuwa nao. Fainali ni ya mechi saba na bingwa ni wa kushinda nne. Sisi tuna tatu na wao wana tatu, na ya saba ni hapa kwetu Jumamosi, na baada ya hapo, tushinde tushindwe, hakuna ushindi wa kuyarudisha malori tena.

Na baba? Baba amefuga ndevu. Wachezaji hawanyoi tangu mtoano uanze mpaka waingie bafuni na kombe au bila kombe, hiyo ni desturi ya hoki na kila mtu anaijua, lakini baba anasema wembe wake umekuwa butu. Mama alinunua wembe mpya akauweka kwenye kikombe chake cha mswaki. Bado umo kwenye karatasi yake.

Tena kila mechi baba huondoka nyumbani kabla yetu na huja na pikapu yake mpaka uwanjani. Haingii. Hukaa ndani ya gari na kusikiliza mechi kwenye redio, na si pale mbele ambako wanaume wengine wenye viapo huegesha pamoja na kupigiana honi, bali nyuma kabisa, kwenye ule mlango mkubwa wa chuma ambao mashine ya kulainisha barafu hutokea wakati wa mapumziko kwenda kumwaga theluji yake. Orest Hnatiuk, dereva wa mashine, huniletea habari kila mara. “Baba yako tena. Dirisha wazi, upepo wa ziwani unapita kama kisu. Nimemwambia masikio yatadondoka, kaniambia mwaga theluji yako uende zako.” Naona amekuja kunionyesha. Ananiambia, bila kusema, kwamba wewe umo ndani kwenye joto na mimi nimo nje na neno langu. Na mimi katika kila mapumziko, sijui kwa nini, vidole vyenyewe hunipeleka kwenye waltzi, muziki wa dansi ya wawili wawili, ile ya zamani aliyokuwa akiipiga ukumbini nilipokuwa mdogo, naipiga na uchungu wangu wote halafu narudi nyumbani, naye anaomba chumvi kupitia mama.

Nimefikia hapa. Nimewaza kwamba Jumamosi nisipande kwenye kinanda. Nishuke nyuma, nifungue mlango wa pikapu, nikae kando ya baba, na tusikilize mechi ya mwisho pamoja kimya kimya, ili angalau siku moja katika msimu huu niwe nimesimama upande wake. Meneja anataka jibu Ijumaa; anasema nisipopiga ana kanda iliyorekodiwa ambayo ndiyo watakayoitumia Arizona, na haoni tofauti. Lakini nikiwaza uwanja ule umejaa mara ya mwisho na kinanda kimefunikwa kitambaa, nahisi kama nimemkimbia mgonjwa saa ya mwisho baada ya kukesha naye miezi yote. Nikipiga, nimemsaliti baba. Nisipopiga, nimewasaliti watu wote waliorudi, na labda nafsi yangu. Bi Muriel, nikae wapi?

Kaisa Rautio

*

Kaisa, mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilitaka kukufinya.

Huruma kwanza. Si kazi nyepesi kupigia viti vitupu muziki wa furaha huku kwenu nyumbani umegeuzwa kuwa mtu wa kuambiwa kupitia mwingine. Uliendelea, wakati wengi wetu tulipiga makofi ngazini tukaenda kukaa majumbani. Nasema “wetu” kwa sababu nilikuwepo, na Februari mimi pia nilikuja kumtafuta shemeji yangu. Sina shemeji. Kinanda kilikuwa kinapigwa vizuri, na hicho ndicho kilichonirudisha wiki iliyofuata.

Sasa mfinyo. Wewe umesoma sana, na una kichwa kinachoweza kulishika jambo moja na kuligeuza pande zote, ila unaligeuza mpaka unasahau kulitazama. Umeandika kila kitu ambacho mtu angehitaji ili aelewe, halafu umeelewa kinyume. Nijibu polepole. Nyumbani kwenu mna redio? Mnayo, na najua iko jikoni, kando ya jiko, kwa sababu kila nyumba ya Port Hollis iko hivyo. Basi mtu ana redio kwenye joto, ana kahawa na mkate wa iliki wa mke wake, kwa nini achome mafuta ya gari akasikilize redio ile ile nje ya uwanja? Na akishafika, kwa nini asiegeshe mbele pamoja na wenzake, mahali penye honi na utani? Kwa nini nyuma? Kwa nini dirisha wazi, upepo wa ziwani ukiingia?

Mimi mpaka Februari nilisikiliza mechi za hapa nyumbani kwenye redio, Kaisa, na nakwambia kile ambacho mpiga kinanda hawezi kukijua kwa sababu siku zote yuko upande wa pili. Wakati wa mapumziko redio haitangazi kinanda. Inatangaza matairi na makochi. Wakati huo hakuna mchezo na hakuna mtangazaji. Kilichoko katika jengo lile ni muziki wako tu, na mahali pekee ambapo mtu aliye nje anaweza kuusikia ni kwenye mlango wa chuma, pale Orest anapoufungua kwenda kumwaga theluji.

Baba yako hajakosa mechi hata moja. Mtu aliyekasirikia kinanda haegeshi gari penye kinanda.

Kwa hiyo sikiliza. Jumamosi utapanda kwenye kinanda chako. Usithubutu kwenda kukaa kwenye ile pikapu. Ukienda, nyie wawili mtasikiliza nini kupitia mlango ule? Kanda ya Arizona. Baada ya msimu mzima wa kukaa kwenye baridi, hiyo ndiyo zawadi utakayompa?

Jambo jingine, usimwombe aingie. Usimtume mama yako, usimtumie mchungaji. Timu imechukuliwa, na kile kiti alichokikalia maisha yake yote kitang'olewa. Neno lake ndilo kitu pekee cha msimu huu ambacho ni chake. Binti hampokonyi baba yake kitu kama hicho hata akiwa anampenda.

Mwone Orest. Mwambie akishatoa mashine asiushushe mlango haraka kama kawaida yake. Auache juu mpaka mapumziko yaishe. Hata kama ni Mei, barafu itavumilia, na ikilainika kidogo wageni wetu ndio watakaoteleza vibaya, wao ni wa kusini. Usimwambie mwingine yeyote. (Najua nimelichapisha gazetini. Baba yako hasomi ukurasa huu, ni wa wanawake, ameshawahi kuniambia hivyo dukani.)

Meneja mjibu leo, usingoje Ijumaa. Na waltzi ile usiipige kwa uchungu. Piga kama mtu anayeshinda, kwa sababu nimewaona vijana wale, na nadhani tunashinda.

Muriel

*

Mpendwa Bi Muriel,

Hujaniomba nikuandikie tena, lakini ulikuwa uwanjani na huenda hukuona mambo ya nyuma, na mimi mwenyewe nimesimuliwa.

Nilifanya ulivyosema. Orest alisema tangu asome gazeti alikuwa akijua nitakuja. Kipindi cha kwanza kilipoisha tulikuwa nyuma kwa bao moja. Mlango wa chuma ulipanda, mashine ikatoka, na mlango haukushuka. Baridi ilipanda mpaka kwangu juu na harufu ya moshi wa gari. Nikapiga waltzi. Mwishoni, mahali ambapo baba akiwa ukumbini alikuwa akipiga mguu sakafuni mara mbili, nilisikia honi mara mbili, kutoka nje.

Uwanja mzima ukacheka. Kumbe kila mtu alijua ni nani, Bi Muriel. Kumbe watu wote husoma ukurasa wako ila baba.

Mapumziko ya pili tulikuwa sare, na safari hii watu hawakwenda kununua chochote. Walikaa. Nilipoanza tu wakanyamaza, maelfu ya watu wenye bia mikononi, ili sauti ifike nje. Sijawahi kupigia kanisa lililonyamaza namna ile. Honi ikaja mahali pake, mara mbili, na uwanja ukaijibu kwa miguu, mara mbili, mpaka taa zikatikisika.

Kipindi cha tatu hakikutoa mshindi, tukaingia muda wa nyongeza, na jinsi bao lilivyoingia unajua kuliko mimi, maana nililia na sikuona vizuri. Niliona tu Réjean Lacasse, nahodha wetu, yule ambaye Arizona hawamtaki kwa sababu ya umri, akiwa amelala kifudifudi na gongo lake limenyooshwa mbele, na kile kisahani cheusi, ambacho ndio mpira wa hoki yetu, kikitambaa polepole kama mzee anayevuka barabara, kikapita chini ya mguu wa kipa wao, kikavuka mstari. Halafu ile taa nyekundu ya bao ikawaka.

Wakapewa kombe. Réjean alizunguka nalo uwanja kama desturi ilivyo, na alipofika kona ya nyuma akasimama. Nilimwona akisema kitu na Orest. Kisha akapanda kwenye mashine ya barafu, kombe mapajani, Orest akaiwasha, na nahodha wa mabingwa akatoka uwanjani kwa mwendo wa kinyonga kupitia mlango wa kumwagia theluji, na timu nzima ikamfuata nje na viatu vyao vya kutelezea, na watu wakaifuata timu. Nilitaka kukimbia nami. Lakini ulikuwa umenikataza kukiacha kinanda, na mimi nikikatazwa nasikia. Nikabaki napiga waltzi katika uwanja uliokuwa unabaki mtupu, mlango ukiwa wazi mbele yangu, nisione chochote ila giza na taa za breki za pikapu moja.

Yaliyotokea nje nasimuliwa na mama. Réjean alitembea juu ya rundo la theluji mpaka kwenye dirisha la baba na kujaribu kulipitisha kombe, likakataa kupita. Baba akaambiwa ashuke. Akasema aliapa. Réjean akamwambia, “Mzee Toivo, wewe hukukanyaga ndani. Sisi ndio tumekanyaga nje.”

Baba akashuka. Akalipokea kombe, akaligeuza, akaonyesha mahali penye mbonyeo na kuuliza ni nani aliyelibamiza hivi, na Réjean akakiri kuwa ni yeye, mlangoni, sasa hivi. Baba akaliinua. Mama anasema sauti iliyopanda hapo ilisikika ng'ambo ya ziwa. Mimi niliisikia nikadhani mlango umeanguka, nikaendelea kupiga. Kisha baba akamrudishia Réjean kombe, akamshika mama kiuno, nao wakacheza. Na walipoanza wao, wakaanza wengine, wachezaji na ndevu zao, askari wa zamu, madereva wa malori ya kuhamisha waliokuwa wamekuja kusubiri, mji mzima ukicheza waltzi kuzunguka rundo la theluji chafu mwezi wa Mei. Nilikuwa nawapigia na sikujua. Nilidhani napiga peke yangu.

Jumapili asubuhi baba alikuja mezani amenyoa. Karatasi ya wembe ilikuwa kwenye pipa la taka. Alimenya yai lake taratibu, akalitazama, akasema, “Lempi, muulize mpiga kinanda kama bado anakula mkate wa yule mtu.”

Mama aliweka kikombe chini na kusema kwamba yeye kazi ya utarishi ameshastaafu.

Kwa hiyo nikajibu mwenyewe. Nilisema mkataba wangu uliisha jana, king'ora cha mwisho kilipolia.

Baba alilifikiria jambo hilo. Alilifikiria kama ninavyofikiria mimi, pande zote, kwa muda mrefu, na nikaona nilikokitoa kichwa changu.

“Kaisa,” alisema. “Nipe chumvi.”

Ilikuwa karibu naye kuliko mimi. Nilizunguka meza, nikaichukua mbele yake, nikampa.